Maneno ya Baba Mikononi Mwangu

Juzi nilikuwa sokoni Buguruni nikichagua mbaazi, akapita kijana mwenye kipaza sauti anauza dawa ya mizizi. Sauti yake ilikuwa tamu, inayokwenda kwa mdundo. Alisema bibi yake hakuwahi kukanyaga hospitali na alikufa mzee kabisa, meno yote mdomoni. Wanawake waliokuwa karibu nami walicheka, mmoja akaanza kufungua kibindo chake. Hapo nikaona mkono wangu wa kulia unacheza peke yake juu ya kikapu: kidole kikamwelekea yule kijana, kiganja kikapanda kidogo, kisha ngumi ikafunguka kuonyesha kwamba ndani hamna kitu. Mkono huo ulikuwa haujasema neno kwa miaka mingi sana. Nilikuwa namtafsiria Shangazi Tatu, na Shangazi Tatu tulimzika mimi nikiwa bado msichana.

Tulikaa Temeke enzi za Mwingereza, Temeke ikiwa bado ni mikorosho na minazi, nyumba za udongo zimeezekwa makuti, na waliojiweza wameezeka madebe yaliyokunjuliwa. Baba alikuwa dalali. Si dalali wa vyumba kama hawa wa siku hizi. Alikuwa mpiga mnada. Mzungu akihamishwa au Mhindi akifunga duka, vyombo vyao vilimfikia yeye: vitanda vya chuma, taa za karabai, masufuria, viti vyenye mguu mmoja mfupi. Alivipanga mchangani mbele ya nyumba, akaiweka kofia yake juu ya meza, akaanza.

Nyie mliokulia wakati ule mtakumbuka kwamba mnada ulikuwa pia burudani. Watu walikuja bila nia ya kununua, walikuja kumsikiliza. Baba aliinua taa akamtazama mtu mmoja tu katika umati. "Kila mwenye akili hapa Temeke kashachukua taa kama hii. Umebaki wewe na nani?" Mtu huyo angecheka, angetazama kando, na Baba angemfuata. "Au unangoja mkeo akasome Kurani kwa jirani? Chagua, bwana. Ununue taa, au useme mbele ya watu hawa kwamba unapenda giza." Na mtu yule, aliyetoka kwake kwenda kunyoa ndevu, alirudi nyumbani na taa.

Mie nilikaa juu ya kitanda cha chuma kisicho na godoro nikamtazama baba yangu kama watoto wengine wanavyotazama ngoma. Niliamini kwamba ukweli unakwenda kama mieleka: wawili wanashikana, mmoja anaanguka, aliyebaki amesimama ndiye mwenye haki. Baba hakuanguka kamwe. Watu walimwita kwenye posa, kwenye ugomvi wa mipaka, kwenye misiba iliyoingia maneno, na kote alikokwenda upande wake ulishinda. Mama hakuwahi kumshinda Baba kwa maneno hata mara moja, kwa hiyo niliamini kwamba Mama hakuwahi kuwa sahihi.

Shangazi Tatu alikuwa dada mkubwa wa Baba. Homa ya utotoni ilimchukulia masikio, na kwa kuwa hakusikia tena, ulimi nao ukakaa kimya. Alishinda uani akisuka ukili wa mikeka, na mpaka leo nikipita penye ukindu uliotoka kuchemshwa kwenye rangi, ile harufu ya majani na moshi hunirudisha moja kwa moja kwenye mapaja yake. Mie nilitambaa kando yake, nikajifunza kutembea kwa kushika bega lake, na bila mtu yeyote kunifundisha nikawa ulimi wake. Tulikuwa na alama zetu. Mkono kwenye pua ilikuwa samaki. Kidole kikizungushwa kichwani ilikuwa kofia, yaani Baba mwenyewe. Baba hakuijua lugha ile. Alikuwa na sauti, na mwenye sauti kama ile haoni haja ya mikono. Akitaka kumwambia dada yake jambo, aliniita mie: "Mwambie shangazi yako."

Watu wa mtaani walimwita bubu na kumpita bila kumwamkia. Nami nilimwonea huruma kwa namna yangu ya kitoto. Nilifikiri kwamba kwa kuwa hasikii hotuba za Baba, mambo yote makubwa ya dunia yanampita pembeni, na kwamba yeye anajua ukili tu.

Kisha mdogo wangu Rajabu akakanyaga msumari.

Alikuwa mtoto asiyetulia, anaruka kutoka kitanda kwenda meza, na msumari ulikuwa kwenye ubao uliolala chini kati ya vyombo vya mnada. Uliingia karibu na kidole kidogo cha mguu. Baba aliuchomoa mwenyewe, akamwaga mafuta ya taa juu ya jeraha, akafunga kitambaa, na Rajabu akaendelea kuruka kwa mguu mmoja huku anacheka. Siku chache baadaye kicheko kikaisha. Mguu ulivimba ukang'aa. Baba alimleta mzee mmoja wa dawa, akausiliba majani yaliyopondwa, na chumba kikajaa harufu mbili zilizopigana, ile kali ya majani, na nyingine chini yake, tamu tamu, ambayo sikuijua ni nini lakini ilinifanya nisitake kula.

Jirani yetu Mama Paulo alikuja asubuhi na bakuli la uji. Alikuwa mtu wa bara, wa huko ziwani, mume wake karani wa serikali. Alimwamkia Shangazi kwa kuinama, jambo ambalo wachache walifanya, kisha akaketi mkekani akaufungua ule mguu polepole. Kulikuwa na mstari mwekundu umetoka kwenye jeraha, unapanda kwenye muundi.

"Mama Rajabu," alisema kwa Kiswahili chake cha kukokota, "huyu mtoto mpelekeni hospitali. Leo hii. Huu mstari ukipanda si mzuri."

Mama alimtazama tu, na Mama Paulo akaelewa kwamba jibu haliko kwa Mama. Akaaga.

Baba aliporudi kutoka swala ya adhuhuri, Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa ua. Hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Baba Rajabu, mtoto tumpeleke hospitali."

"Nani kasema?"

"Mama Paulo kautazama mguu."

Baba akatabasamu lile tabasamu la mnadani. Nililijua, nikakaa sawa kusikiliza.

"Mama Paulo. Mumewe anakula mshahara wa serikali, hospitali ni ya serikali. Ulitaka aseme nini? Mwenye duka atakwambia duka lake baya?" Alianza kutembea uani, huku na huku. "Mzee Kondo, Mungu amrehemu, si alikwenda huko kwa miguu yake? Alirudije? Kabebwa. Na babu zetu je? Walikuwa na hospitali gani? Walijitibu kwa majani, wakatuzaa, tuko hapa. Leo utampeleka kwa kidole, kesho watakata mguu, keshokutwa utaletewa mtoto nusu. Hapa ni mambo mawili tu, Mama Rajabu. Ama tumtegemee Mungu, ama tumtegemee Mzungu. Sema wewe, mbele ya watoto wako, unamtegemea nani?"

Maneno yalikuwa mazuri. Nakumbuka niliona fahari. Nilimtazama Mama nikaona macho yake yameshuka chini, nikajua mieleka imekwisha, Mama ameanguka kama kawaida, na kwa hiyo Rajabu atapona kwa majani. Ndani chumbani Rajabu alikuwa akiguna, sauti ndogo isiyokoma, kama mlango unaosukumwa na upepo.

Shangazi Tatu alinivuta kanga. Alikuwa ameacha kusuka. Aliinua kidevu kumwelekea Baba, akafungua kiganja: anasema nini?

Nikaanza kumwambia, kwa furaha, kwa sababu nilitaka naye aone jinsi Baba alivyoshinda.

Nilianza na Mzee Kondo. Sasa, alama yetu ya Mzee Kondo ilikuwa kuinama na kukohoa huku umeshika kifua, maana tangu nimjue mzee yule alikuwa anakohoa, na kuna wakati alitema damu kwenye leso. Hatukuwa na alama nyingine. Kwa hiyo nikainama, nikakohoa, nikaonyesha anakwenda hospitali, nikaonyesha anarudi amebebwa. Na mikono yangu ikasimama hewani. Nilikuwa nimeona kitu, lakini sikujua nimeona nini. Shangazi alinitazama, akashika kifua chake, akakohoa, kisha akanyoosha kidole kule chumbani kwa Rajabu na kutikisa kichwa.

"Anasema nini?" Baba akauliza. Hakuwa na kawaida ya kuuliza.

"Anasema Mzee Kondo alikuwa anakohoa. Rajabu hakohoi."

"Mwambie habari ya Mama Paulo."

Nikamwambia. Mama Paulo ni msalaba shingoni; mumewe ni mtu anayeandika; Mzungu anampa mumewe fedha. Basi. Nilitafuta alama ya kuunganisha fedha ile na maneno ya Mama Paulo, na sikuipata. Mdomoni mwa Baba vilikuwa vimeungana vizuri, huoni hata mshono. Shangazi alisubiri. Alipoona sina zaidi, alishika mguu wake mwenyewe, akapandisha kidole taratibu kutoka unyayoni kwenda juu, kama ule mstari. Akaandika hewani kama karani, akafungua mikono yote miwili.

"Anauliza, mume wa Mama Paulo kaingiaje kwenye mguu wa Rajabu?"

Mama akakohoa kidogo, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Baba hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mwambie ni Mungu au ni Mzungu. Achague."

Nikaonyesha mbingu upande mmoja, kofia ngumu ya Kizungu upande wa pili. Shangazi hata hakufikiri. Alinyoosha kidole juu, akakishusha polepole mpaka kwenye ile kofia niliyoichora hewani, kama mtu anayeonyesha mfinyanzi na chungu chake.

"Anauliza Mzungu kaumbwa na nani."

Sikuwahi kumwona Baba hivyo, mdomo uko wazi na neno halitoki. Lililotoka hatimaye lilikuwa la chini, halikuwa na mdundo wowote.

"Mwambie mie sihadithiwi. Mie najua mtoto anayepelekwa huko anavyorudi."

Nikamwambia hivyohivyo: Baba, anajua, mtoto, hospitali, kurudi.

Uso wa Shangazi ukabadilika. Aliuweka ukili chini, akainuka kwa kushika magoti, akaenda akasimama mbele ya mdogo wake, karibu kabisa, ili asiweze kutazama kwingine. Kisha akasema naye, yeye mwenyewe, kwa mikono, polepole, huku mie nikitafsiri nyuma yake bila kujua ninachokibeba.

"Anasema mtoto. Si Rajabu, mwingine. Mdogo. Anasema mlingoja. Jua likachwa, likatoka, likachwa, mkangoja." Shangazi alifanya kama anapakata, akatembea palepale aliposimama. "Kisha ukambeba. Mkaenda, shangazi na wewe. Mkafika Keko, kwenye mteremko." Hapo akalaza shavu lake kwenye kiganja, akafumba macho, kisha akapitisha mkono mbele ya uso kutoka juu hadi chini. Nilijua shavu kwenye kiganja ni kulala. Ule mkono wa usoni nilidhani ni shuka. "Mtoto akalala," nikasema. "Mkamfunika. Anasema alilala hapo Keko, hospitali bado ipo mbele. Mlifika akiwa ameshalala."

Niliona ni habari nzuri. Mtoto aliyebebwa akapata usingizi njiani, ubaya uko wapi? Niligeuka kumtazama Mama, Mama alikuwa anatokwa na machozi.

Baba aliketi kwenye kiti cha mnada, kile chenye mguu mmoja mfupi, kikayumba naye. "Mwambie," alisema. Tukangoja. "Mwambie..." Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na Rajabu kifuani, kichwa cha mtoto kimeangukia shingoni mwake.

Tulikwenda sote. Mie nilichukuliwa kwa ajili ya Shangazi, na Shangazi alijichukua mwenyewe. Mchanga ulikuwa wa moto, nikawa nakimbilia kila penye kivuli cha mkorosho. Watu waliozoea kutaniana na Baba walimwamkia, akawapita, wakabaki wanamtazama. Pale Keko, kwenye mteremko, hatua zake zikapungua. Akasimama. Alimtazama Rajabu usoni, akaweka sikio karibu na mdomo wake, na sikuelewa kwa nini anasimama wakati njia ni ndefu. Shangazi akamwekea kiganja mgongoni akamsukuma. Hakumsukuma kwa ukali, lakini hakuuondoa mkono ule mpaka tulipoanza kuyaona majengo ya mjini.

Hospitalini kulinuka dawa ya kusafishia sakafu, harufu iliyopanda puani ikakaa. Dresa mmoja wa makamo, mtu wa kufunga vidonda, alifungua kitambaa, akaondoa majani kwa koleo ndogo, akamtazama Baba.

"Mmechelewa kwa nini, mzee?"

Baba yangu, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe, alisema, "Ndiyo."

Walimlaza Rajabu. Walimpasua, wakamchoma sindano, na kile kidole kidogo cha mguu hakikupona, wakakikata. Lakini mstari ulirudi ulikotoka. Mama alilala naye chini ya kitanda, na sie tulikuwa tukipeleka chakula. Rajabu aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, amejifunza kuimba wimbo wa watu wa kusini kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, na aliwaonyesha watoto wote wa mtaa pengo la kidole chake mpaka wakamwonea wivu.

Baada ya hapo nilipata ugonjwa wangu mwenyewe. Nilikuwa siwezi tena kumsikiliza Baba mnadani kama zamani. Akisema kila mwenye akili kashanunua, vidole vyangu vilianza chini ya kanga: watu wengi, taa, wewe. Halafu? Hakuna halafu. Akimwambia mtu achague taa au giza, mkono wangu ulikuwa ukitafuta kibatari, maana kila nyumba ilikuwa nacho. Nilipokuwa mtu mzima nilisikia kwamba wasomi wameyapa majina mambo haya yote, wameyapanga kwenye vitabu. Sikushangaa. Ila sijaona bado kitabu kinachosema lile lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa: kwamba siku ile uani Baba hakuwa anatudanganya. Alikuwa anaogopa. Mtu mwenye hofu huokota sababu yoyote iliyo karibu na kuiegemeza mlangoni, kisha nyingine juu yake, na anayetazama kwa nje huona ukuta. Sababu moja tu, ile ya kweli, hakuigusa, kwa kuwa hiyo ingemwangukia yeye.

Nilimuuliza Mama juu ya yule mtoto aliyelala Keko. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Ni wa kabla yangu," alisema. "Atakwambia mwenyewe akitaka."

Alitaka baada ya Idi. Tulikuwa tumevaa nguo mpya, mie na Rajabu, tukadhani tunapelekwa kula halua kwa jamaa. Shangazi naye alikuwepo, amejitanda kanga yenye harufu ya liwa. Baba alitupitisha nyuma ya minazi mpaka kwenye makaburi, akatembea kati yake bila kuuliza njia, akasimama mahali ambapo mie niliona majani tu.

"Huyu ni Hamisi," alisema. "Kaka yenu."

Rajabu alitazama majani yale, akatazama mguu wake. "Naye alikanyaga msumari?"

"Hapana. Ilikuwa tumbo." Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele yake. "Kila mtu aliniambia ningoje. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na zilikuwa sababu nzuri, nami nilipenda kuzisikia." Aliizungusha kofia ile vidoleni. "Nilichelewa."

Nilingoja aendelee, kwani Baba hakuwa mtu wa kuishia neno moja. Shangazi alipiga magoti akaanza kung'oa majani, Baba akakunja mikono ya kanzu yake ya sikukuu akapiga magoti upande wa pili, nasi tukaingia kati yao. Tuling'oa mpaka kaburi lote likawa wazi, tukaona lilivyokuwa fupi. Kisha tukapangusa mikono tukarudi nyumbani.